Sauti ya Jikoni Iliyopanda Chati

Nilikuwa nimeegesha gari mbele ya duka la dawa hapa Qurum, mtaa wa Muscat, injini ikiunguruma kwa ajili ya kiyoyozi, rafiki yangu wa kazini aliponipigia simu. Hakunisalimu. "Dada, baba katangulia," alisema, na nyuma yake nikasikia watu wakiitana kwa Kiarabu na Kiswahili, wakitayarisha mahali pa kuoshea maiti. Kabla ya magharibi alikuwa keshazikwa. Wasomaji wangu wa siku zote hamkumjua mzee huyu, na magazeti ya hapa Muscat hayakumtaja. Alikuwa mhandisi wa maji aliyestaafu serikalini, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa kidogo kila unapozungumza naye, kama anayesikiliza kitu kilicho nyuma ya maneno yako. Lakini kama mmewahi kupitiwa na muziki wa kundi moja la roki la Kiingereza, la wale vijana wa zamani waliopenda kufanya majaribio kuliko kupendwa, basi huenda mmeisikia sauti ya mama yake. Najua maneno hayo yanasikika kama mzaha. Nami ningeyaona hivyo, lau nisingepanda gari lake.

Siku hiyo gari langu lilikuwa gereji, naye akaja ofisini kutuchukua, mimi na binti yake. Nilikaa nyuma, peke yangu. Muziki ulipoanza nilidhani gari limeharibika: gitaa lilikwaruza kama chuma kinachoburutwa juu ya saruji, ngoma zikaja zikapotea, kisha ukasikika mlio wa kitu kinachokaangwa. Halafu mwanamke akaita kwa Kiunguja safi, karibu na sikio langu kabisa: "Njooni mle, nyie! Chakula kinapoa!" Niligeuka. Kando yangu palikuwa na mkoba wangu tu. "Usigeuke, mwanangu," mzee akasema, akinitazama kwenye kioo. "Hayupo hapo. Huyo mama yangu." Binti yake, aliyekaa mbele, aligeuza uso dirishani. "Baba, zima basi, mgeni anaogopa." Hakuzima. Alingoja kipande kile kiishe, akashusha pumzi.

Baadaye nilipozoea kwenda kwao alinisimulia mwenyewe. Ujanani alipelekwa Uingereza kusoma, akapanga katika nyumba moja ya baridi na vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa na vyombo vyao vya muziki kwenye chumba cha chini ya ardhi. Hawakutaka kupiga nyimbo kama watu wengine. Walikuwa wakirekodi milio ya nyumba: bomba la maji, mlango mbovu, ngazi zinazolia, kisha wanapiga magitaa juu yake. Wakati huo mama yake, ambaye familia yake ilikuwa ndiyo kwanza imehamia Muscat kutoka Unguja, alipelekwa Uingereza kutibiwa jicho, akakaa na mwanawe hadi apone. Mchana mmoja aliingia jikoni kukaanga samaki. Wale vijana waliutamani mlio wa mafuta, wakapandisha maikrofoni karibu na mlango wa jikoni bila kumwambia. Chakula kilipoiva, mama akaita. Wale wanne wakapanda mbio, maana walishaonja mkono wake. Mwanawe alibaki chini. Alikuwa amekabidhiwa mashine ya kurekodia, na alikuwa anapenda kuona ule utepe unavyozunguka. Kesho yake vijana wakamwuliza kama wanaweza kuiacha sauti ya mama ndani ya muziki. Akakubali kwa fahari. Mama hakuulizwa.

Santuri yao ya kwanza, kwa alivyosimulia, ilinunuliwa na jamaa na marafiki. Ya pili hata marafiki walichoka. Ya tatu, ile yenye mama, iliingia mkiani mwa chati ya Uingereza, ikatoka, watu wakadhani imekwisha, ikarudi. Ikawa inapanda, wiki hata wiki, mpaka ikasimama karibu kabisa na kilele, ikiwatazama kwa juu waimbaji waliokuwa wanajulikana dunia nzima. Kampuni ikakitoa kile kipande cha jikoni peke yake katika santuri ndogo, nacho kikapanda, jambo ambalo hata wapigaji wenyewe hawakuweza kulieleza. Waandishi wa muziki wakaanza kubuni. Mmoja aliandika kuwa ile ni dua ya kuwaita wafu. Mwingine akasema ni mganga wa Kiafrika anapunga pepo. Mzee alikuwa akicheka akifika hapo, cheko dogo la puani. "Mama alikuwa anakaanga samaki, mwanangu. Anawaita wale watoto wa Kizungu, maana aliwaona wembamba."

Kisha alikuwa akicheka tena kidogo, na uso ukabadilika. Maana siku ile ile kundi lilipopata habari kuwa santuri imefika pale juu, vijana wakiwa wanarukaruka sebuleni, ilifika telegramu kutoka Muscat. Mama alisharudi nyumbani, jicho limepona, na homa ya ghafla ikamchukua. Ndege isingemwahisha kwenye mazishi, basi hakusafiri. Alitoka kwenda kutembea, asijue anakwenda wapi, na dirisha la kwanza alilopita lilikuwa wazi. "Njooni mle, nyie." Akavuka barabara. Duka la nguo la upande wa pili nalo lilikuwa na redio. Fikirini, wasomaji wangu: sisi tukifiwa, sauti ndiyo hututoka kwanza. Tunalia kwa sababu hatukumbuki tena marehemu alivyokuwa akitutaja jina. Yeye alinyimwa kusahau. Mama alizikwa Muscat, na Uingereza nzima ikawa inaitwa mezani naye. Alisikia kupitia ukuta wa jirani. Alisikia kwenye treni, mtu asiyemjua akiigiza maneno yale kwa mdomo uliopinda, bila kujua maana yake, na wenzake wakicheka.

Alirudi, akaoa, akajenga, akazeeka. Kundi lile likatoa santuri nyingi, nyingine zikapanda na nyingine zikazama, yeye akizinunua zote kwa heshima ya ujana, lakini ni ile moja tu iliyomfuata. Aliwahi kuingia kwenye lifti ya hoteli moja hapa Qurum, yeye na binti yake, milango ikafunga, na kile kijimuziki cha lifti ambacho hakuna anayekisikiliza kikawa ni kile. Binti alinieleza kwamba baba yake aliinamisha kichwa, akatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyekutana na mkubwa wake mahali asipotarajia.

Mwaka huu kampuni ya santuri iliamua kuitoa upya ile albamu, imesafishwa kutoka kwenye tepu za asili. Wakamtafuta mzee, wakamwandikia kuuliza kama mwenye sauti bado yupo, na kama familia ina neno. Nilikuwapo kwao alipomweleza dada yake mkubwa, bibi wa umri mkubwa anayeishi nao, mwenye ulimi mkali na macho yasiyoona mbali. Bibi yule hajawahi kuisikia ile santuri. Alikataa tangu mwanzo, miaka yote ile.

"Wanasemaje hao Wazungu wako?" aliuliza.

"Wanataka kumtoa tena, dada. Wanasema safari hii atasikika vizuri zaidi."

"Asikike vizuri kwa nani? Mama keshakwenda, yakhe. Nyie mnamsimamisha mlangoni anaita watu chakula asokuwa nacho. Hata aibu hamwoni?" Akavuta mtandio wake. "Nshakwambia zamani. Mwache apumzike."

Mzee hakubisha. Aliijibu kampuni kuwa familia inaomba sauti iondolewe, na kampuni, lazima niseme, ilikuwa ya kiungwana, ikaiondoa. Albamu ikatoka na samaki wake wanaokaangwa, magitaa yake, na mahali patupu pale mama alipokuwa. Ikapanda chati tena. Na huko mitandaoni watu wa nchi ambazo mama yule hakuzijua hata kwa jina wakaanza kuulizana kwa huzuni ya kweli: yuko wapi yule mwanamke? Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Hapa walianza wa mbali.

Toleo lile lilipomfikia, mzee aliniita niende nikasikilize naye. Ilikuwa baada ya alasiri, mapazia yameteremshwa kwa sababu ya jua. Binti yake alituletea kahawa na kukaa nasi. Mafuta yakaanza kulia, safi mno, hata nikahisi harufu. Nilijua neno liko wapi, na mwili wangu ukajikaza kulingojea. Halikuja. Pakapita kimya cha kukaanga, kisha gitaa. Nilifurahi kwa ajili yake. Nikamgeukia nimpongeze, nikamkuta ameinua kidole.

"Umesikia?"

"Sikusikia kitu, Ami. Wamemtoa."

"Wamewatoa wengine," akasema taratibu. "Zamani alikuwa anasema njooni. Sasa anasema njoo."

Binti yake aliweka kikombe chini. Kiswahili chetu kina silabi ndogo hiyo moja inayotenganisha watu wengi na mtu mmoja, na sijawahi kuiogopa kabla ya siku ile. Mzee alipiga kile kipande tena. Sikusikia kitu. Yeye alitikisa kichwa, akakubali.

Hazikupita wiki nyingi, nikapigiwa ile simu. Kwenye tanzia, upande wa wanawake, rafiki yangu alinishika mkono akanisogeza pembeni. Alisema alikuwa jikoni anapasha chakula cha mchana, baba yake yuko chumbani kwake. Akamsikia akiita kwa sauti kubwa, ya furaha, ambayo hakuwahi kuisikia kwake: "Naam!" Halafu: "Nnakuja, mama!" Yeye mwenyewe baba yake alikuwa akimwita mama, kama akina baba wengi wanavyowaita mabinti zao, basi akadhani anataniwa. Akamjibu, "Bado, baba, subiri kidogo." Alipoingia na sinia alimkuta amekaa kitini, miwani mapajani, ameinua uso kuelekea mlangoni. Alidhani anamtazama yeye. Santuri ilikuwa imezimwa, na kifuniko cha mashine kimefungwa.

"Dada," alininong'oneza, "mimi nilikuwa sijamwita."

Siku za tanzia zilipokwisha, wageni wameondoka na mazulia ya ziada yamerudishwa kwa majirani, yule bibi alinitaka jambo nisilolitegemea. "Ipige," alisema. "Ile ya kwanza. Nimsikie." Binti akaitoa santuri ya zamani kwenye ganda lake lililochakaa. Bibi alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono mapajani. Magitaa yalipoanza alikunja uso. Mafuta yalipolia aliacha kukunja. "Njooni mle, nyie! Chakula kinapoa!" Alifumba macho. Nilifikiri atalia. Badala yake akanyoosha mkono: rudisheni hapo. Tukarudisha. Akasogea karibu na spika, sikio lake likagusa kitambaa cha spika.

"Hamsikii?" alituuliza. "Kuna neno jingine, chini chini. Anasema peke yake."

Tulirudisha tena na tena. Na kweli, ukishaambiwa lilipo, huwezi tena kutolisikia. Chini ya gitaa, mama anapogeuka kuiendea meko yake, ananung'unika kama wanavyonung'unika wapishi wote: "Wangu huyu hatokuja."

Kisha bibi akasema, bila ukali wowote, "Ndugu yangu alikuwa analijua hilo. Aliyekaa na mashine chini alikuwa yeye. Alilisikia siku ile ile." Ndipo akalia, na mpwa wake akamlaza kifuani.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama watu wa mji huu kwa jicho jingine. Tuko wengi tunaoishi hapa tukiwa tumeacha sauti mahali pengine. Wakenya ninaofanya nao kazi hutumiwa na mama zao ujumbe wa sauti kwenye simu, kutoka Machakos, kutoka Kisii, na mara ngapi nimemwona mtu akitazama kile kialama cha ujumbe, akasema "nitaiskiza baadaye," akaiweka simu mfukoni. Si ubaya, ni kazi, ni uchovu, na moyoni tunajua kuwa sauti imehifadhiwa, haiendi popote. Ndiyo ahadi ya vyombo hivi, kuanzia ule utepe uliokuwa ukizunguka kule chini ya ardhi mpaka simu zetu. Marehemu yule aliihifadhi sauti ya mama yake kuliko mtu yeyote ninayemjua. Aliihifadhi kwenye santuri zilizojaa nyumba za dunia nzima, ikapanda chati mara mbili. Haikumsaidia kitu. Kilichompita siku ile hakikuwa sauti, bali jibu lake, na jibu halirekodiwi kwa niaba yako na mtu mwingine.

Sauti iliyohifadhiwa hurudia tu, haingojei. Anayengojea ni mtu, akiwa na mwiko mkononi, akihesabu nani kapanda ngazi na nani hajapanda. Basi ukiitwa leo na anayekupenda, hata kwa jambo dogo kama sahani ya samaki, acha unachokizungusha uitike, angali anaweza kukusikia.