Sukari ya Kupimwa

"Si kuringa, mama, ni hesabu," nilimwambia, nikaendelea kuchora mistari na rula.

Alikuwa amesema mtu wa kununua sukari ya mwezi mzima ni mtu ako na stoo, na sisi tuko na chumba kimoja na pazia. Nikamsukumia kitabu. Wiki nzima nilikuwa nimeandika kila kitu tulinunua kwa kioski iliyo mbele ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga: sukari ya shilingi tano kwa karatasi, mafuta ya kupika kijiko moja kwa nailoni, mafuta ya taa chupa moja, majani ya chai ya shilingi mbili.

"Ukiunganisha hizi karatasi zote upate kilo, umelipa kilo na nusu. Huyo mama wa kioski anatuibia."

"Hatuibii. Anatupimia."

"Ni kitu moja!"

"Umemaliza fomu foo juzi," mama akasema. "Kufagia nyumba kumekushinda, sasa unataka kuiendesha na rula."

Hiyo ilikuwa mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, miaka ya tisini. Baba tulikuwa tumemzika nyumbani, magharibi. Mama alikuwa anatembea mpaka kiwanda huko Baba Dogo, na mshahara ulikuwa unakuja mara moja kwa mwezi. Mdogo wangu alikuwa darasa la nane, na pesa yake ya kujiandikisha mtihani ilitakiwa kabla mwezi uishe. Usipolipa, jina lako haliendi. Mama hakuwa na hiyo pesa, na hakuwa na mtu wa kuomba. Kwa hivyo nilipomwambia kwamba tukinunua kwa jumla, kile kitabaki ndio mtihani, alitoa mshahara akauhesabu. Halafu akaweka kodi kando, na mshahara wote uliobaki akanipatia.

Nilienda Eastleigh, kwa maduka ya jumla, nikarudi kama msafara wa harusi. Bale nzima ya unga, paketi kumi na mbili, sukari, mkebe mkubwa wa mafuta ya kupika, mtungi wa mafuta ya taa. Mkokoteni ulifika mpaka kwa mlango, na ploti yote ikatoka kuangalia. Mama wa kioski pia alitazama kutoka kwa dirisha lake. Nilimpita bila kumsalimia. Pesa iliyobaki nikaitia kwa bahasha, nikaandika juu MTIHANI, nikaificha chini ya godoro mpaka siku shule itapokea. Nilikuwa najiskia kama waziri.

Kile sikuandika ni mkono wa mama. Kwa miaka mingi mkono wake ulikuwa unapima kutoka kwa karatasi. Sukari ya karatasi ikiisha imeisha, mnakunywa chai hivyo tu na hakuna mtu ananuna. Sasa alikuwa anachota kutoka kwa mfuko, na mfuko haukuwa unamwambia kitu. Mimi pia nilikuwa naongeza. Hata mdogo wangu, mtu wa kula kama ndege, alianza kuomba ukoko.

Halafu majirani. Jirani wa mlango wa pili alikuja siku ya tatu na kikombe. "Mama, depo imefunguliwa? Nisaidie na unga kidogo." Wakacheka, akapewa. Kesho akakuja mwingine. Nikaanza kuandika kila kikombe na jina la mwenye amechukua, na jioni moja nikamwambia mama asimfungulie jirani yeyote mlango.

"Nimwambie nini?" akaniuliza. "Si ameona bale ikiingia?"

"Mwambie imeisha."

"Mimi nimwambie mtu na watoto unga imeisha, na ameketi akiiangalia hapo kwa pembe?"

Mafuta ya taa yaliisha kwanza. Unga ilitufikisha tarehe kumi na nane, ikaisha. Asubuhi ya kumi na tisa tulikunywa maji ya moto, tuliyochemshiwa na jirani, na mama akaenda kazi hivyo. Nikatoka kwenda kioski, na maneno nimeyapanga vizuri.

"Shikamoo, mama. Naomba paketi moja ya unga na chupa ya mafuta ya taa. Tutalipa mwisho wa mwezi."

Alikuwa anapima majani ya chai na kifuniko cha soda, akifunga karatasi moja moja. Hakuinua macho.

"Eastleigh wamefunga?"

"Hapana, mama. Ni vile tumeishiwa."

"Watu huishiwa. Hata mimi huishiwa." Akafunga karatasi ingine. "Mama yako amenunua hapa kila siku tangu mje hii ploti. Akikosa, nampatia, bila hata kuandika. Kesho najua atakuja na ile tano yake. Sasa wewe ulienda huko na pesa, kwangu unaniletea maneno?"

"Lakini hatuna kitu kabisa."

"Deni si ya mtu mwenye hana kitu, msichana. Nairobi nzima haina kitu. Deni ni ya kastoma. Na wewe sasa ni mpita njia."

Nilirudi kwa nyumba nikakaa na kitabu changu. Hesabu ilikuwa sawa. Nilirudia mara tatu, haikuwa na kosa popote. Ile nusu kilo nilikuwa naita wizi ndio ilikuwa inatununulia siku kama hii, na hakuna mstari niliichorea.

Mama aliporudi jioni hakuuliza sana. Aliangalia jiko, akaniangalia mimi, akasema, "Lete bahasha."

"Mama, shule inapokea Ijumaa hii tu."

"Nimesimama kwa mashine tangu asubuhi na maji ya moto. Mtu akianguka hapo, hata hiyo kazi itaenda. Lete."

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia na vitabu vyake. Alitoka, akaketi juu ya godoro, hapo hapo juu ya bahasha, akashika kitanda na mikono miwili. Mama akaanza kulia bila sauti, na mimi sijawahi kuona aibu kama ile.

"Nipe mpaka kesho," nikamwambia.

"Kesho kuna nini?"

Sikuwa na uhakika. Nilikuwa nimeona tu mitungi sita ya maji ya mama wa kioski, imepangwa tupu kando ya ukuta. Huwa analipa mtu wa kumletea maji kutoka kwa bomba la huko chini. Niliamua nitaamka kabla hajafungua dirisha, nibebe miwili miwili mpaka yote sita ijae, na sitataja unga mpaka yeye mwenyewe aitaje. Chini ya meza nilikuwa nimepata shilingi mbili. Hizo nitamwekea kwa dirisha kwanza, nimsalimie vizuri, niseme nataka majani ya chai.

Ya kupimwa.