Maneno Yaliyofuliwa

Kwenye foleni yoyote, iwe ya posta au ya bombani, mwanamke huyu hukaa nyuma. Hata akifika wa tatu, akiona mama mwenye mtoto humpisha, akija mzee humpisha, na mwisho karani hufunga dirisha yeye akiwa bado na fomu yake mkononi. Mama yake, anayeishi naye, humcheka waziwazi.

"Wewe mwanangu ungekuwa gurudumu, gari lingefika, wewe ukabaki njiani unapisha mbuzi."

Lakini ikifika saa tisa alasiri, mtu huyohuyo huingia chumba namba nne cha kituo cha elimu ya watu wazima na kuwa mwingine. Hupiga makofi mara mbili, akasema, "Songa!" Na watu kumi na wawili wenye ndevu, wenye wajukuu, wenye mabosi wanaowasubiri, husogea. Ndiyo maana wakamwita Mwalimu Songa. Jina la kwenye vyeti lilibaki ofisini, ndani ya faili.

Somo lake ni Kiingereza, na ndani ya somo hilo kuna kipengele kimoja alichokipenda tangu chuoni, wenzake walipokuwa wakikiona kero tupu. Kwa kawaida sentensi ya Kiingereza hutembea kwa mstari: mtenda mbele, kitenzi kisaidizi nyuma yake, wengine wakifuata. Ukitaka kulikazia neno la kukanusha kama "never", yaani kamwe, unalitoa katikati na kulisimamisha mbele ya wote. Basi hapo mstari mzima unashtuka. Kisaidizi kinamruka mtenda na kukaa mbele yake. "I have never eaten so well," sijawahi kula vizuri hivi, inageuka kuwa "Never have I eaten so well," na anayesikiliza anaweka kijiko chini.

Wanafunzi wake wapya huuliza swali lilelile kila mwaka: kwa nini wahamehame? Mbona sisi tunasema "kamwe sijala" na hakuna anayehama?

"Kwa sababu sisi mtenda tunambeba mgongoni mwa kitenzi, kama mama na mtoto," huwajibu. "Mama akienda popote, mtoto yupo. Wao mtoto wao anatembea kwa miguu yake. Akija mkubwa mlangoni, lazima ajue asimame wapi."

Na kwa kuwa aliamini kwamba jambo la kuhama hufundishwa kwa kuhama, aliwafanya watu wenyewe kuwa maneno. Kila mwanafunzi alivaa neno lake kifuani, wakasimama mstari mmoja, kisha wakabadilishana nafasi. Mwanzoni alitumia makaratasi, yakachanika. Mama yake akampa shuka kuukuu jeupe, wakalikata vipande kumi na viwili na kuvishonea kamba za shingoni. Mwalimu akaandika maneno kwa kalamu nene ya wino mweusi. Vitambaa hivyo vilidumu miaka mitatu, tangu darasa hili halijui hata kuomba maji kwa Kiingereza. Vilikula jasho, chaki na mafuta ya nywele ya kinyozi, vikawa na rangi ya chai ya maziwa.

Sasa darasa lilibakiza miezi minne kufanya mtihani wa cheti. Siku moja mkuu wa kituo akamwita. Alikuwa mtu mpole mwenye tabia ya kupanga rula zake mezani kila alipokuwa na habari mbaya.

"Mwalimu, kaa. Tumepata mwalimu kijana, ana mashine ya kuonyesha picha ukutani. Watu wamependekeza yeye achukue darasa la mtihani."

"Watu gani?"

"Watu tu. Sasa mimi nimesema tusimwonee mtu. Mkaguzi anakuja. Jumatano atakaa kwa kijana, Alhamisi kwako. Atakayempendeza zaidi ndiye atakayewafikisha hawa kwenye mtihani. Mwingine atachukua wanaoanza."

"Wanaoanza nao wanahitaji mwalimu," akasema, kwa mazoea yake ya kupisha.

Lakini alipofika nje, kwenye ngazi, alisimama na kushika ukuta. Miaka mitatu. Alimjua mlinzi wa ghala la saruji aliyekuja darasani moja kwa moja kutoka zamu, macho mekundu, asiyekosa hata siku moja. Alimjua kinyozi, domo kaya, aliyetaka cheti ili tu mkwewe aache kumwita "mkata majani". Alimjua mpishi wa hospitali, mwanamke mnene mtulivu aliyekaa kiti cha dirishani na katika miaka mitatu hakuwahi kunyoosha mkono. Kuwalea hadi hapo, kisha mwingine awashike mkono mlangoni? La. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakutaka kumpisha mtu.

Jumatano hakuwa na kipindi. Aliitwa kikaoni, akauacha mfuko wa vitambaa ukining'inia nyuma ya mlango nyumbani.

Alhamisi asubuhi alikunywa chai akiwa amesimama. Mama yake alimzunguka kama anayempeleka bibi harusi, akimtoa uzi begani, akimrekebisha kola.

"Mfuko wako huo hapo. Nimekuwekea vitu vyako vizuri. Leo watajua wewe ni mtoto wa nani."

"Ahsante, mama."

"Na usimpishe mtu."

"Sitampisha, mama."

Saa tisa chumba namba nne kilikuwa kimejaa na kimefagiliwa. Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba, akakaa nyuma na daftari lake. Mkuu alisimama mlangoni, mikono mgongoni, pengine kwa kuwa hapakuwa na rula za kupanga. Mwalimu Songa akasalimia, akaeleza somo la leo kwa sentensi mbili, akaufungua mfuko.

Akatoa kitambaa cha kwanza. Kilikuwa cheupe pe.

Akakigeuza. Upande wa pili nao, mweupe. Akatoa cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimekunjwa mara nne kama leso za msibani, vikinukia sabuni. Hata alama ya herufi moja haikubaki. Aliona mbele yake, wazi kama yupo pale, beseni la mama yake, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na ile mikono isiyoweza kuona uchafu ikanyamaza.

Kiti cha mkaguzi kililia kidogo.

"Mwalimu," kinyozi akanong'ona kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "maneno yako wapi?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kugeukia ubao. Lakini kinywa kikamtangulia.

"Yamefuliwa," akasema.

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa kama maji yaliyovunja kingo. Hata mkuu aligeuza uso. Mwalimu akabaki na vile vitambaa kifuani, akiwaza darasa la wanaoanza, a, be, che, na kijana mwenye mashine akiwasindikiza watu wake.

Mlinzi wa ghala ndiye aliyesimama. Akaja mbele kwa mwendo wake wa lindo, akachukua kitambaa kimoja na kujivisha.

"Mimi ni 'never'," akasema. "Miaka mitatu mimi ndiye ninayetolewa katikati na kusimamishwa mlangoni. Nahitaji kuandikwa nini tena?"

"Ukweli mtupu!" Kinyozi naye akaruka. "Mimi 'have'. Kazi yangu kuruka. Mama, nipishe." Akasimama nyuma ya mshonaji wa nguo, mwanafunzi mwenzao aliyekwisha kujivisha kitambaa na ambaye siku zote huwa "I". Wengine watatu wakafuata, kila mmoja akichukua kitambaa chake cheupe na kusimama anapopajua.

Mwalimu akajikuta anapiga makofi mara mbili. "Songa!"

Wakasonga. Mlinzi akatoka katikati hadi mbele, kinyozi akamruka mshonaji, na kila mmoja akalitamka neno lake kwa zamu: "Never. Have. I. Eaten. So. Well." Yalitoka kwenye vinywa sita kama kauli ya mtu mmoja aliyeshiba.

Mkaguzi akaweka kalamu. "Samahani, Mwalimu. Naweza kuwapa yangu?"

"Karibu."

"'She rarely complains.' Ni nadra yeye kulalamika. Nataka 'rarely' itangulie."

Hii hawakuifanyia mazoezi. Vile vitambaa vya zamani visingeifaa, maana neno "rarely" halikuwahi kuandikwa popote. Lakini vitambaa vyeupe havina ubishi. Mlinzi akajigonga kifua na kusema, "Basi leo mimi ni 'rarely'." Mshonaji akawa "she". Wakamtafuta wa kuwa "complains", na wote, bila kupanga, wakaangalia dirishani. Mpishi wa hospitali akainuka taratibu, akavaa kitambaa.

Mlinzi akaenda mbele. Kisha wakakwama. Hapakuwa na kisaidizi wa kuruka.

"Kuna pengo," mshonaji akasema. "Mlangoni yupo mkubwa na hakuna wa kumkaribisha."

Kinyozi, aliyekuwa amerudi kitini, akapiga paja. "Si ndipo ninapoitwa mimi! 'Does'!" Akajipenyeza kati ya mlinzi na mshonaji, kisha akamnyooshea mpishi kiganja. "Dada, hiyo S yako ya mwisho nipe mimi. Sisi wawili hatuwezi kuibeba pamoja."

Mpishi akaangalia kitambaa chake kitupu, akachuma S isiyokuwapo kwa vidole viwili, akamwekea kiganjani kwa uangalifu kana kwamba ni yai. "Complain," akatamka, safari hii bila ile S.

"Rarely does she complain," wakasema wote wanne.

Mkaguzi hakuandika kitu. Alimtazama mpishi. "Wewe, mama. Nieleze kwa maneno yako. Ile sentensi ya kwanza si ilikuwa inaeleweka? Kwa nini muisumbue?"

Mwalimu Songa alishika ukingo wa meza. Angetaka kumwokoa, kumpa mtu mwingine swali hilo. Miaka mitatu mama huyu hakuwahi kujibu jambo mbele ya watu. Akauma mdomo na kumwacha.

Mpishi alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu mpaka kinyozi akaanza kutapatapa.

"Ilieleweka," akasema mwishowe, "lakini haikusikika. Jikoni kwetu hospitali nikisema, 'Mgonjwa wa kitanda cha nne asipewe chumvi,' vijana wanaitikia ndiyo, na chumvi anapewa. Nikisema, 'Chumvi! Mgonjwa wa kitanda cha nne asipewe,' hawasahau. Sasa mimi Kiswahili changu nikitupa neno mbele, inatosha. Wao wakitupa neno mbele, lazima na wengine wapangwe upya, ndipo nyumba itulie. Ni hivyo tu."

Akavua kitambaa, akakikunja mara nne kama alivyokikuta, akarudi dirishani.

Baada ya kipindi mkaguzi alibaki akikikunjua na kukikunja kimoja cha vile vitambaa. "Wazo la kuviacha vyeupe ulilitoa wapi?"

"Kwa mama yangu."

"Naye ni mwalimu?"

Mwalimu Songa alisita. "Amefanya kazi shuleni miaka ishirini na sita."

"Inaonekana," mkaguzi akasema. Kisha, akimgeukia mkuu pale mlangoni, "Hawa wamalize na huyuhuyu. Kijana aanze na wanaoanza. Picha zake zitawafaa sana."

Mkuu akaitikia kwa kichwa, akifurahi kama aliyetuliwa mzigo. Nje, kinyozi alikuwa tayari anamsimulia muuza magazeti jinsi alivyopokea S.

Njiani kurudi nyumbani mwalimu hakuharakisha. Ilikuwa kweli, mama yake alifanya kazi shuleni miaka ishirini na sita: alikuwa mfagizi. Kila jioni alifuta mbao za madarasa tisa kwa kitambaa kibichi ili walimu wazikute safi asubuhi. Na binti yake, aliyemsubiri baada ya masomo, alikuwa akikimbia mbele yake darasa hadi darasa, asome yaliyoandikwa kabla mkono wa mama haujafika. Hivyo ndivyo alivyokutana na Kiingereza: nusu nusu, kwa haraka, kikitoweka. Wakati mwingine alihisi kwamba maisha yake yote amekuwa akiyafukuzia maneno yanayofutwa na mtu anayempenda.

Mama yake alikuwa kizingitini.

"Enhe? Umempisha mtu?"

"Sijampisha, mama. Wamenibakishia darasa langu."

"Alhamdulillahi! Na vitambaa? Wamevisifu?"

"Mkaguzi mwenyewe amevisifu. Hajawahi kuona vyeupe vile."

Mama akaketi kwa madaha ya mshindi. "Nilivikuta vimejaa maandishi ya zamani, nikasema, ee, huyu atawafundishaje wageni kwa maneno ya mwaka juzi? Ubao si hufutwa kila siku?"

Binti alimtazama ile mikono, ngozi yake imekunjamana kwa maji ya miaka yote ile. Maneno aliyotaka kusema yalikuwa mengi, na safari hii alijua lipi la kutanguliza.

"Ahsante," akasema. Mengine akayaacha yafuate yenyewe.

Baadaye, wakati chai ikichemka, alitoa vitambaa mfukoni na kuvitandaza mezani. Akaichukua ile kalamu nene, akaivua kofia.

Mama yake akamtazama kwa jicho la kando. "We mtoto! Unavichafua tena?"

Mwalimu Songa akacheka, akairudishia kalamu kofia yake.