Alumini Dume

Mama Msasa alipanda ngazi za nyumba ya baba yake amekunja uso mpaka mpangaji wa chini, aliyekuwa akianika nguo uani, akaimeza salamu yake. Si kwamba mama huyu alikuwa mtu mbaya. Jina la Msasa alipewa kazini, kwa sababu ulimi wake ukipita juu ya kitu kibovu haukibakizii rangi. Na asubuhi hiyo kitu kibovu kilikuwa juu, kwenye roshani ya baba yake inayotazama bahari.

Alikiona kutokea chini. Alikuwa anapita zake kando ya ukuta, akainua macho, akaona rangi imefura kwenye nguzo moja ya reli ya kushikia, upande wa nje, pale inapoingia kwenye saruji, na chini ya uvimbe ule unga mweupe umemwagika. Mtu mwingine angedhani ni uchafu wa ndege. Yeye amechomelea alumini tangu hajaolewa. Akasema kwa sauti, peke yake barabarani, "Ebo! Hii inaliwa!" Na aliyekuwa akiishikilia reli hiyo kila siku, akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake, ni mzee asiyeona.

Mzee mwenyewe watu walimwita Mzee Gonga. Kabla hajapofuka ndiye aliyeanzisha karakana ya familia, ya mageti, madirisha na uzio, na hakununua bomba hata moja bila kulipiga konzi na kulitegea sikio. Alumini iliyolia kwa sauti kali na kukataa kupinda, aliiita dume. Iliyojibu kwa sauti ya chini na kukubali kupinda ukiikazia goti, hiyo ilikuwa jike. Mtaa mzima ukayadaka maneno hayo. Wateja walikuja wakisema, "Fundi, usije ukanitilia jike getini," watu wakaangua kicheko, kazi ikaendelea. Sheria ya mzee ilikuwa fupi: dume likae nje, jike likae ndani.

Kwa sheria hiyohiyo akawagawa wanawe. Binti, kifungua mimba, akawekwa kwenye makabati na fremu za ndani. Mdogo wake wa kiume, ambaye siku hizi anaitwa Bosi na anaitika bila haya, akakabidhiwa mageti na uzio kabla hajajua grinda inashikwaje. Akija mteja, mzee alisema, "Huyu ndiye fundi. Na yule binti yangu, ananisaidiasaidia." Ananisaidiasaidia! Mtu aliyekuwa anafungua karakana asubuhi na kuifunga jioni! Mwishowe binti alibeba miwani yake ya kuchomelea akaenda kutafuta kazi kwenye karakana ya boti, na huko akakutana na jambo ambalo baba yake hakuwahi kuligonga.

Boti zote pale zilikuwa za jike.

Naam, jike! Mabamba yaliyochanganywa na madini ya magnesi, yenye kugongwa mhuri wa namba inayoanza na tano, yanayokubali kupinda kufuata tumbo la boti. Hayo ndiyo yanayolala kwenye maji ya chumvi na yasidhurike. Lile dume gumu la baba yake, ambalo namba yake inaanza na mbili, ndani lina shaba. Shaba ndiyo inayolitia ubavu, na shaba hiyohiyo ndiyo inayolimaliza likikutana na hewa ya bahari. Mafundi wa boti walimwonyesha kipande kilichosahauliwa ufukweni. Kwa nje kilikuwa kimevimba, na alipokibonyeza kikamegeka kama ubao ulioingiwa na mchwa.

Aliporudi kuwaeleza wa nyumbani, walimcheka.

"Dada," Bosi alisema, "nani atapata usingizi akijua nyumba yake inalindwa na jike?"

"Wewe tangu uzaliwe umelindwa na nani?" akamjibu. "Aliyekuwa anakufunga kamba za viatu alikuwa dume?"

Baba mtu akacheka zaidi kuliko wote, kisha akasema alumini haishiki kutu, iwe dume au jike, na mjadala umefungwa. Hivyo macho yake yalipoanza kufifia na ikabidi roshani iwekewe reli ya kushika, binti alikuja na kipimo chake, akakuta kazi imeshafanyika. Bosi alikuwa amepata mabomba magumu ajabu, masalia ya kiwanda cha mashine, akayafunga kwa skrubu za chuma cha kawaida. Chuma na alumini ukivibananisha kando ya bahari vinagombana, na siku zote anayeumia ni alumini. Alisema hilo pia. Nani amsikilize? Bosi akaipaka reli rangi nyeupe, akawa anawaleta wateja wake waiangalie. "Dume tupu," alikuwa akiwaambia, akiipiga kofi.

Sasa, Mama Msasa alipofika juu, mzee alikuwa katikati ya roshani, mkono mmoja juu ya reli, anatembea taratibu.

"Baba, simama hapohapo!"

"Nani? Msasa? Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, baba. Achia hiyo reli, uje kwangu, huku ukutani."

"Marahaba. Niiachie nishike nini, upepo?"

"Nguzo iliyo mbele yako imeliwa. Nimeiona kutoka chini."

Mzee alitabasamu. Tabasamu hilo binti alilijua tangu utoto, lile la mtu anayemsamehe mtoto kwa ujinga wake, na damu ikampanda kichwani.

"Umeona rangi," mzee alisema. "Mimi nashika nguzo yenyewe. Kila siku naipapasa hii kutoka juu mpaka chini. Kitu kibovu kina mabaka, kina unga. Hapa ni laini kama shavu la mtoto. Njoo uguse mwenyewe, kisha utaniomba radhi."

"Nitagusa, baba. Wewe toka kwanza."

"Na alumini haishiki kutu. Nani alikufundisha hilo?"

"Haishiki kutu, inaliwa! Nimewaambia mpaka mate yamenikauka. Inaliwa kimyakimya, na wewe umeegemea!"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wahenga walisema. Lakini mkuu mwenyewe akiziba masikio, guu litakalovunjika ni la nani? Mzee alisogea mpaka kwenye nguzo ileile, akaishika kwa mikono miwili, akafanya kile alichokuwa akikifanya mbele ya wateja enzi zake. Akaitikisa kwa nguvu zake zote.

"Dume hili!" akasema.

Nguzo haikulia. Ilitoa sauti ndogo, kama biskuti ikivunjwa, na reli ikalala nje, na mzee akalala nayo.

Mama Msasa hakumbuki alivyofika pale. Anakumbuka mkanda wa suruali ya baba yake mkononi, goti lake limegota kwenye saruji, na uzito wa yule mzee ukimvuta kuelekea uani. Alivuta huku anatukana. Alitukana dume, akamtukana aliyelileta na mabomba yake, na baba yake mwenyewe hakupona. Wakaanguka chali wote wawili ndani ya mlango. Kipande cha reli kilitua juu ya nguo za mpangaji, na yowe likapanda kutoka chini.

Bosi alitoka mbio karakanani, pale nyuma ya nyumba, akapanda ngazi akihema. Alimkuta baba yake ameketi sakafuni, na dada yake goti linachuruzika damu. Na unajua neno lake la kwanza lilikuwa lipi?

"Nani ameivunja?"

Loo! Hata pole hakuna. Mama Msasa alikuwa ameokota kisiki cha nguzo kilichomegeka kwenye saruji, anakiparua kwa ukucha. Rangi ilitoka kwa urahisi. Chini yake palikuwa na puti, ile ya kuzibia mashimo. Chini ya puti palikuwa na rangi nyingine, halafu puti tena, na katikati ya hayo yote hapakuwa na alumini ya kutosha kutengeneza kijiko.

"Hii puti imefikaje hapa?" aliuliza.

"Matengenezo," Bosi alisema. "Kila kitu kinahitaji matengenezo."

"Umeziba, ukapiga msasa ukalainisha, ukapaka rangi. Nguzo ikazidi kuliwa, ukaziba tena."

"Wateja wanakuja kuangalia hapa, dada. Ningeiacha na mabaka?"

"Wateja wanatazama kutoka mlangoni, hawajui cha mabaka wala cha nini. Hukumlainishia mteja mpaka huku chini kwenye saruji." Sauti yake ilianza kupanda. "Huku chini anashika nani? Anapapasa nani kila siku? Puti hii hukuipaka kwa ajili ya macho ya mtu. Umeipaka kwa ajili ya vidole vya baba!"

Mzee alinyoosha mkono. "Nipe," alisema.

Alikipokea kisiki, akakizungusha. Vile vidole vilivyomlisha maisha yake yote vikapita juu ya puti, vikafika ukingoni, vikazama ndani ya shimo. Alichovya kidole kwenye unga, akausugua kwa dole gumba.

"Ulijua?" akauliza.

"Baba, nilikuwa nangoja kazi zipungue, nibadilishe yote kwa mpigo..."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia kwa nini?"

Bosi alitazama dari, akatazama bahari, popote ila uso wa dada yake. "Ningeweka nini mahali pake? Ningeweka jike? Mtaa mzima ungesema Msasa alisema."

Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio chenyewe kilikuwa bado kidogo tu kianze. Mama Msasa alisimama. Goti lilimuuma, hakulijali.

"Kwa hiyo bora baba afe kuliko mimi niwe nimesema kweli?"

"Sijasema hivyo."

"Umekaa na puti na msasa, umepiga magoti hapa ukalainisha kifo cha baba yako, ukaita kazi! Toka mbele yangu. Kaichukue ile takataka kwenye nguo za watu, na umwombe yule mama radhi. Nenda!"

Bosi akaenda. Mzee akatikisa kichwa, akaanza kuguna kuhusu watoto wa siku hizi, kwamba ukimwamini mtoto wako umemwamini nyoka. Hapo hasira ya binti yake ikageuka, ikamkabili yeye.

"Na wewe, baba, usijifanye umeonewa. Hilo neno alilitoa wapi? Nani aliyemfundisha kwamba kitu kigumu kina haki na kinachopinda ni cha kuchekwa? Mbele ya bahari hakuna dume, kuna kinachodumu na kisichodumu. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi! Nilikwambia nikiwa msichana. Ungelishika neno langu kama ulivyoishika ile puti, leo tusingekuwa tumekaa chini hapa."

Mzee Gonga alikiweka kisiki sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza binti yake kumshinda kwa maneno, na hakufurahi kama alivyokuwa akidhani angefurahi.

Alikokota meza akaziba mlango wa roshani, akambebesha Bosi godoro aliweke juu ya meza hiyo, na hakuna aliyepita mpaka aliporudi na mabomba yake kutoka kwenye karakana ya boti. Alikuja pia na skrubu za stenlesi na washa za plastiki, vile vipete vya kuvalisha skrubu, ili skrubu na alumini visigusane vikaanza ugomvi wao. Reli yote ya zamani aliikata mwenyewe kwa grinda. Bosi alishika ncha ya pili ya kila bomba pale alipoambiwa, na hakuambiwa asante.

"Usiipake rangi," mzee alisema kutoka kwenye kiti chake, ndani ya mlango.

"Sikuwa na mpango huo."

Nguzo ziliposimama, mzee aliomba apelekwe. Alipapasa alumini tupu kutoka juu hadi kwenye saruji. Alipima kila kiungo alichochomelea binti yake, akarudia kimoja, akakosa kasoro. Halafu, kwa mazoea, akaipiga konzi. Ikajibu kwa sauti ya chini. Neno la zamani likamfika mdomoni, midomo ikalianza, kisha akalimeza.

Muda huohuo mteja akaingia uani, mtu mwenye nyumba ufukweni, akaita kwa sauti, "Mzee Gonga! Nataka uzio wangu uanze! Ila usinitilie jike, eh?" Akacheka peke yake.

Mzee aliegemea reli kwa kifua chake chote, akainama kuelekea sauti ilikotoka. Mama Msasa akaudaka ule mkanda wa suruali kabla hajajijua.

"Kama ni wa mbele ya bahari," mzee alisema, "zungumza na fundi."

"Fundi yupi? Si Bosi yule pale, anabeba vyuma?"

"Yule ananisaidiasaidia," mzee alisema. "Fundi ni huyu hapa aliyenishika."

Mama Msasa alikuwa amebana skrubu kwa meno, hakuweza kujibu, na hilo lilikuwa heri kwa wote waliokuwepo. Machozi yalimtoka, lakini yalikuwa ya hasira. Ilibidi baba yake aning'inie juu ya kamba ya nguo ndipo aweze kumwita fundi. Aliuachia mkanda, akapiga magoti penye nguzo ya mwisho, akaanza kukaza.