Nani Alikusimulia?

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi zote mbili, na hadi leo nikipanda basi lazima nikae karibu na mlango. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliponikabidhi kazi ya kuchagua hadithi ya mashindano, walimu wenzangu walishusha pumzi na mimi nikaanza kuhesabu siku.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika shule moja ya msingi Kibondo, ambayo paa lake lilipiga kelele sana mvua ikinyesha hata tukawa tunaacha kufundisha na kutazamana tu. Nilikuwa mgeni, mwalimu wa kike asiye na mume wala mtoto. Serikali ilinitoa kwetu Same ikanipeleka huko bila kuniuliza, na Kiha changu kilikuwa cha salamu, tena nusu. Mashindano yalikuwa ya watoto kusimulia hadithi, shule za Kibondo na za Kasulu, na mwaka ule yalikuwa yafanyike Kasulu. Kila shule ilipeleka mtoto mmoja na hadithi moja.

Niliwaambia wanafunzi wa darasa la tano waje na hadithi za nyumbani. Siku ilipofika hakuna aliyenyoosha mkono. Nikafoka, kama nilivyokuwa nikifoka nikiogopa. Mwishowe kiranja akasimama akanieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni, kwamba hadithi haisimuliwi mchana. Ukisimulia mchana, ng'ombe hawarudi nyumbani. Darasa zima likaitikia kwa vichwa, hata wale ambao kwao hapakuwa na kuku.

Nikafunga madirisha. Yalikuwa ya mbao, na mlango nao nikauegesha, darasa likawa giza la kutosha. Nikawaambia, haya, sasa jioni imeingia. Wakacheka, wakanionea huruma, wakaanza kusimulia.

Wa kwanza alileta sungura na fisi. Wa pili alileta fisi na sungura. Hadi wa sita nilikuwa namchukia sungura kama mtu niliyegombana naye kisimani, maana hadithi zote zilitoka kwenye kitabu cha kusoma, hata koma zilikuwa zilezile. Ndipo akasimama msichana wa karibu na mlango, mwembamba, kichwa kimenyolewa, ambaye tangu nianze kumfundisha nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya "ndiyo, mwalimu."

Alisimulia habari ya msichana aliyeachwa kulinda moto wa nyumbani wakati kaka zake wameenda kuwinda, na moto ukataka kuzimika. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa kuubembeleza moto usizimike. Aliuimba mara moja tu, darasa likaushika, na mara ya tatu waliimba wote mle gizani kwa sauti ya chini. Nilisimama na chaki yangu mkononi nikajua kazi ya kuchagua imekwisha. Hapohapo nikakumbuka alikotoka.

Mtoto yule alikuwa amevuka kutoka Burundi na shangazi yake, wakati watu walipokuwa wanakimbia. Hawakwenda kambini. Walishukia kijijini kwetu, shangazi akawa analima mashamba ya watu kwa kibarua, na mwalimu mkuu akamwandikisha shule kama mzaliwa wa palepale. Kijiji kizima kilijua na hakuna aliyesema. Lakini kulikuwa na maneno, kila siku maneno, kwamba wote waliovuka watatafutwa majumbani wapelekwe kambini. Na mimi ndiye niliyetaka kumpandisha jukwaani Kasulu, mbele ya maofisa waliokaa kwenye viti vya mbele, aimbe wimbo wa kwao.

Nilimwambia mwalimu mkuu tuchague mwingine. Alikuwa mwenyeji, mtu asiye na haraka.

"Mwalimu, mwaka jana tulikuwa wa mwisho. Unataka tena?"

"Na wakimuuliza ametoka wapi?"

"Wamuulize kwa nini? Ni hadithi, siyo pasi ya kusafiria."

Nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta anapura maharage uani, akanipa kigoda. Nilimweleza hofu yangu yote, na nilimweleza kwa kirefu, kwa sababu nilitaka akatae. Angekataa yeye, mimi ningelala.

Aliendelea kupura. "Mwalimu, tangu tufike huku huyu mtoto alikuwa kama bubu," alisema. "Juzi amerudi kutoka shule anaimba. Anachota maji anaimba. Ego, ndiyo, aende."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba bakuli la maharage na mzigo mzito zaidi ya maharage.

Tuliondoka siku moja kabla ya mashindano. Basi lilijaa magunia, na vumbi jekundu liliingia hadi kwenye meno. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alipanda, akatazama nyuso, akawashusha wanaume wawili. Msichana alikuwa amekaa kando yangu na sare yake ya shule. Nilimshika mkono nikaanza kumkaripia kuhusu viatu vyake kwa sauti ya juu, kama mwalimu wa kweli kweli, hadi askari akashuka. Alipokwisha kushuka mtoto akaniambia taratibu, "Mwalimu, viatu nimevipaka mafuta." Ilikuwa kweli.

Kwenye kiti cha mbele yetu alikaa mwalimu wa shule nyingine, naye akimpeleka mwanafunzi wake kwenye mashindano. Alikuwa mcheshi, anakula karanga. Yeye ndiye aliyenipa habari.

"Mmejiandaa na swali?"

"Swali gani?"

"Mwaka huu hawataki hadithi za vitabuni. Mtoto akimaliza tu, mwamuzi mkuu anamuuliza: nani alikusimulia, na mtu huyo ni wa wapi? Akisema mwalimu, alama zinakwenda. Wanataka hadithi ya nyumbani."

Alinipa karanga. Nilizishika tu.

Nilimuuliza msichana pale pale, kwa kumnong'oneza, nani alimsimulia hadithi ya moto. Akasema bibi. Bibi yuko wapi? Akasema alibaki. Sikumuuliza alibaki vipi. Nikamwambia afikirie nyingine, hadithi yoyote aliyosimuliwa huku, tangu wafike. Shangazi hakuwahi kumsimulia? Alitikisa kichwa.

"Huku hatusimuliani, mwalimu. Jioni tunanyamaza."

Kutoka hapo hadi Kasulu sikuona mti wala nyumba. Nilikuwa nawaza. Kumwambia aseme uongo juu ya bibi yake, kwamba ni wa Kagerankanda au wa Munanila, kungekuwa rahisi kwangu, lakini mwamuzi angeuliza kitongoji gani, ukoo gani, na wimbo ule ungemjibu kabla mtoto hajafungua mdomo. Kurudi nyumbani hakukuwa na basi. Kumtoa kwenye mashindano kwa kusingizia homa niliwaza, nikakumbuka shangazi anavyopura maharage, nikaacha.

Tulifikia katika bweni tulilopangiwa. Jua lilikuwa bado juu. Nilimchukua nyuma ya jengo, kwenye kamba za kuanikia nguo, nikakaa chini, nikamwambia, "Sikiliza. Nakusimulia hadithi ya kwetu."

Akatazama jua.

"Najua," nikasema. "Ng'ombe wa Same wako mbali, hawatasikia."

Ni hadithi aliyonisimulia mama yangu, na yeye sijui aliitoa wapi. Palikuwa na mtu mchoyo. Siku moja akachinja mbuzi, na kwa kuogopa majirani wasinuse harufu ya nyama, akafunga mlango, akaziba madirisha kwa magunia, akaziba hata matundu ya paa, akawasha moto ndani. Moshi ukamjaa. Akaanza kukohoa, akatoa machozi, akalia uii, uii, na kwa uchoyo wake hakufungua. Majirani wakasikia kilio. Wakasema, jamani, jirani yetu amefiwa. Wakaja na mikeka, wakaja na wazee, wakatandika uani wakakaa matanga. Alipofungua mlango hatimaye, macho mekundu, wakamuuliza, nani amefariki? Akaangalia mikeka, akaangalia watu, hakuona njia. Akasema, mbuzi. Basi wakamzika mbuzi wote pamoja, kila mtu tumboni mwake.

Alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha akairudia yote bila kukosea, na pale pa moshi akaongeza kitu ambacho mama yangu hakuwa nacho: yule mchoyo, katikati ya kikohozi, anageuza nyama isiungue.

Tukakubaliana jibu. Akiulizwa, atasema alisimuliwa na jirani, mama mmoja mwenyeji wa Same. Nilimrudisha mara nyingi kwenye jibu hilo hadi nikamchosha. Hadithi ilikuwa ya kuaminika, jibu lilikuwa karibu na ukweli. Nilijiambia hivyo usiku kucha.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Mwamuzi mkuu alikuwa mzee mwenye miwani, amevaa suti ya kaunda, na kila mtoto alipomaliza aliinama mbele kidogo akauliza swali lake kwa sauti ya babu. Hiyo sauti ndiyo iliyonitisha. Watoto walimwamini, walimweleza kila kitu: bibi mzaa baba, kijiji chake, hata ugonjwa wake wa magoti. Mtoto wa mwalimu wa karanga alijibu vizuri mno kiasi kwamba alianza kueleza shamba la babu yake lina migomba mingapi.

Zamu yetu ikafika. Alisimulia vizuri kuliko pale kwenye kamba. Alipokohoa ukumbi ulikohoa, alipogeuza nyama watu walijipiga mapaja kwa kicheko, na aliposema "mbuzi," kwa ile sauti ndogo ya mtu aliyeshindwa, hata maofisa wa viti vya mbele walifuta machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasubiri vicheko viishe, na nilitamani visiishe.

Vikaisha.

"Vizuri sana, binti," alisema mzee. "Nani alikusimulia hadithi hii?"

Midomo ya mtoto ikaanza neno moja, ikaliacha.

"Mama yangu," akasema.

Kijiji kizima kilijua kwamba mama yake hakuvuka.

"Mama yako ni wa wapi?"

"Same."

"Oo, Upareni! Mbali hivyo. Na yuko wapi huyo mama anayejua kuchekesha?"

Mtoto aligeuka akatafuta kwenye viti, akaniona, akaninyooshea kidole, mkono wote umenyooka, kama watoto wanavyomwonyesha mtu waliyekuwa wanamtafuta sokoni.

Nilisimama. Miguu ilisimama kabla yangu. "Ni mimi," nikasema.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na yeye alikuwa na kama kumi na miwili, na nilimwona mzee akipiga hesabu nyuma ya miwani yake. Watu kadhaa nao walipiga. Mtu mmoja nyuma aliguna. Nilihisi aibu ikinipanda shingoni, na chini ya aibu hofu, kwamba sasa atauliza zaidi. Mzee aliniangalia muda mrefu kuliko alivyomwangalia mtu yeyote siku ile.

"Haya," akasema. "Kaa, mama."

Tulipata nafasi ya pili. Mwalimu mkuu alifurahi akatukaribisha soda, na habari za kwamba nina mtoto zilifika Kibondo kabla ya basi letu. Ofisini wenzangu walinitania mwezi mzima: mama fulani, binti yako amechelewa namba ya asubuhi; mama fulani, binti yako hana kalamu. Nilicheka nao kwa meno ya mbele. Kwa nini aliacha jibu letu, sijawahi kumuuliza. Huenda alihofia ataulizwa jirani anakaa nyumba ipi. Huenda ni sababu nyingine, na hiyo niliiogopa zaidi.

Halafu maneno yakawa amri. Tangazo lilisomwa kijijini kwamba wote waliovuka wajiandae, magari yanakuja kuwachukua kuwapeleka kambini. Siku magari yalipofika nilikuwa najiandaa kwenda kazini, natafuta kitana, nikasikia hodi.

Shangazi alikuwa mlangoni amejifunga kitenge cha safari, godoro limekunjwa kichwani. Mbele yake alisimama msichana na sare yake, na begi dogo la nguo.

"Mwakeye, mwalimu," akanisalimu. "Nimekuletea mwana wako."

Nilishikwa na hasira, nakiri, hasira ya mtu aliyebanwa. Nilianza kusema kwamba yale yalikuwa ya mashindano, kwamba mimi ni mtumishi wa serikali, kwamba nina chumba kimoja na wao wenyewe wanajua. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho bila kushusha godoro.

"Ulisimama mbele ya wakubwa ukasema ni wako," akasema. "Hakuna aliyekataa. Mimi nitapanda gari. Huyu ana mama hapa."

Barabarani honi ilipigwa. Mtoto hakuniangalia; alikuwa anaangalia viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimepakwa mafuta. Askari mmoja alikuwa anakuja upande wetu, anahesabu nyumba kwa kidole.

Nilichukua begi nikaliweka ndani. Kisha, kwa sauti kubwa ili askari asikie, nikamwita mtoto aingie haraka anywe uji, atachelewa shule.