Fundi Bagalwa na Taa Iliyokataa Kuzimika

Jua limekwisha kuchomoza Roseville, Minnesota, lakini ni jua la picha tu, halina joto. Nyuma ya gereji, fundi umeme Bagalwa ameinama ndani ya gari la kijivu, kofia imemfunika masikio. Mkononi ana mashine ya kukaushia nywele ya mkewe, waya wake umeburutwa juu ya theluji.

Wenzake wanamchungulia dirishani wakicheka. Kwa nini asiliingize gari ndani kwenye joto, kama watu wenye akili?

"Gari hii ikisikia joto inapona," anajibu. "Mie nataka kuiona ikiwa mgonjwa."

Gari ni la Philister, muuguzi Mkenya anayeishi Champlin na kumhudumia mzee mmoja usiku huko Saint Louis Park. Tangu baridi ianze, mara kwa mara akiamka jioni anakuta betri imekufa. Amebadilisha betri mbili. Gereji mbili nyingine zililiingiza ndani, zikalikagua, zikasema halina tatizo.

"Ofisi wameniambia nikichelewa tena, hiyo shifti wanapea mtu mwingine," anasema Philister, au Mama Joan, anayelea watoto watatu peke yake. "Na sina kazi ingine. Nimelilia hiyo gari mpaka machozi ikaisha."

Kwa Bagalwa, huyu si mteja tu. Miaka sita iliyopita alifika Minnesota na familia yake kutoka kambi ya wakimbizi Uganda, hana gari, hajui barabara. Mkewe, Euphrasie, aliposhikwa na uchungu, aliyewakimbiza hospitali ni Philister, waliyekuwa wakisali naye, kwa gari hili hili.

"Mtoto wangu alitaka kuzaliwa kwenye kile kiti," anasema. "Niiache namna gani?"

Umeme wa magari alifundishwa kwao Bukavu, Kongo, na mjomba wake, Sosthène, ambaye alikuwa akimfichia kipimo cha umeme makusudi. "Aliniambia: kwanza macho, nyuma yake kipimo."

Basi gari lililala nje. Asubuhi Bagalwa aliketi kiti cha nyuma, akafunga milango yote, akajifunika blanketi gubigubi na kuchungulia chini. Taa ndogo ya miguuni ilikuwa ikiwaka. Mchana, theluji inapomeremeta hivi, ni nani angeiona? Gari lilidhani mlango mmoja uko wazi, likaacha taa iwake mpaka betri ikaisha.

Sasa anapuliza hewa ya moto kwenye kitasa, anafunga mlango, anachungulia. Bado. Anahamia mwingine. Kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, taa inazimika. Anaingiza kidole kwenye kitasa, ananusa, anaanza kucheka peke yake. Mafuta ya zeituni.

Kila mwaka kabla ya theluji, Mchungaji Elkanah wa kanisa lao huyaombea magari ya waumini na kuyapaka mafuta milangoni. Philister, aliyeteleza vibaya na gari barabarani mwaka jana, alimsihi safari hii asibane mkono. Mchungaji hakubana. Mafuta yakaingia kwenye kitasa, na baridi ilipokuja yakaganda, na swichi ya humo, inayoliambia gari kuwa mlango umefungwa, ikanasa.

Kazi ngumu ikawa kumwambia mwenye gari.

"Fundi, unataka kusema maombi ndiyo imeua betri?"

"Hapana, Mama Joan. Maombi haina shida. Ni mafuta njo iliingia fasi haikuitwa," alijibu Bagalwa, akimwonyesha mahali penyewe ndani ya kitasa.

Philister alimkazia macho, kisha akacheka mpaka akashika mlango asianguke. Kitasa kikasafishwa, na jioni ile gari likawaka mara moja. Hajachelewa tena, na zamu bado ni yake.

Jumapili alisimama kutoa ushuhuda, akamwita Bagalwa mbele. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mchungaji, ambaye siku hizi hupaka mafuta kwenye boneti tu, fundi akiwa kando yake.

"Mie njo nashukuru," anasema Bagalwa, machozi yakimlengalenga. "Siku ile ya hospitali sikuwa na kitu ya kumupa huyu mama. Nilibeba ile deni ya moyo miaka yote."

Sasa anatafuta mahali pa kufungua gereji yake, yenye uwanja mpana wa nje, ili wakimbizi wanaoingia na ufundi mikononi wapate pa kuanzia. Philister amekwisha kumwahidi kwamba siku ya kufungua, gari la kwanza kufika litakuwa lake, liwe bovu au zima.