Usiulize Kama Inauma

Nakumbuka, mwanangu, sasa nawe unapouanza ufundi huu, Alhamisi moja pale Kahama, nikiwa bado kijana, mikono yangu ikinuka plastiki iliyochomwa, niliposikia kwa mara ya kwanza mtu akiniambia kwamba kazi yangu ni nzuri na bado haifai.

Nilikuwa fundi katika kliniki ya wanawake wanaotafuta mtoto. Kazi hiyo sikuisomea chuoni. Nilianzia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, kule Nyarugusu, nikitengeneza pampu za kutolea maji mashimoni, na huko ndiko nilikojifunza jinsi mpira unavyolainika ukipata moto na jinsi unavyogoma kurudi ukishapinda vibaya. Mengine niliyatoa vitabuni, ukurasa kwa ukurasa, kamusi ikiwa kando.

Daktari Mrisho, aliyekuwa mkuu wetu, alinipa jambo moja la kufanya: kubuni mrija. Nikueleze, maana huenda hujauona. Mama anayeshindwa kushika mimba anaweza kusaidiwa kwa mbegu za mumewe kusafishwa maabara, kisha kupitishwa kwa mrija mwembamba kwenye shingo ya kizazi hadi ndani ya mfuko wa uzazi. Ni shughuli ya muda mfupi. Lakini mrija mgumu hukwaruza, na ulio laini mno hujikunja mlangoni ukakataa kuingia. Ukienda mbali, unagonga ukuta wa ndani, kizazi kinajikaza, na huenda kikasukuma nje kile kile ulichokipeleka. Mirija ya kununua ilichelewa kufika, na iliyofika ilikuwa migumu kuliko tulivyotaka. Kwa hiyo nilichukua plastiki inayokubalika hospitalini, nikailainisha ncha kwa moto, nikaichora alama za sentimita. Hakuna mrija uliotoka mezani kwangu kumfikia mgonjwa kabla ya kukaguliwa, kuruhusiwa na kuuliwa vijidudu. Hilo nalitaja mapema ili usije ukaniiga nusu.

Majaribio ya kwanza niliyafanya kwenye papai. Usicheke; hata wanaofundisha wauguzi hulitumia. Upande wa kikonyo ni kama shingo ya kizazi, na uwazi wenye mbegu ni kama mfuko wenyewe. Nilipitisha mrija, kisha nikalipasua papai nione kama ncha imekwaruza ndani. Yaliyobaki waliyala wafanyakazi. Dada Rehema, msafishaji wetu, kila asubuhi alinipokea kwa swali lile lile: "Fundi, leo unazalisha mapapai mangapi? Maana mimi nimeshakunywa chai bila kitu."

Baada ya papai na vibali, tukaanza kuutumia kwa akina mama waliokubali. Kila mmoja tulimuuliza, "Iliuma?" Kila mmoja akajibu, "Hapana." Nikaridhika. Nikaona mrija umekamilika.

Mmoja wao aliitwa Kabula. Alikuwa mtu wa Kharumwa, mumewe Maganga mchimbaji wa Nyarugusu. Ndoa yao ilikuwa imekaa miaka bila mtoto, na mama mkwe wake alishaanza kuuliza kwa sauti, mbele za watu, ng'ombe wa mahari walitolewa kwa ajili ya nini. Unajua swali hilo linaelekea wapi kwetu Usukumani: mke kurudishwa kwao. Tulimhudumia Kabula, mimba haikushika. Tukarudia, haikushika. Mara zote mbili alisema haikuuma, na mara zote mbili ncha ya mrija ilirudi na damu kidogo. Maganga, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia daktari waziwazi, "Tutajaribu mara moja tena. Ikishindikana, wazee wa nyumbani wataamua. Mimi nitakuwa sina la kusema."

Hapo ndipo alipoingia Bibi Nyanzobe. Alikuwa mkunga mstaafu, na kila Alhamisi alikuja kliniki kutusaidia kuzungumza na akina mama. Alinikuta mezani nikipanga mirija.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu. Huu ndio mrija wenu?" Akaupinda kidoleni, akausogeza karibu na macho. "Umeutengeneza vizuri. Haufai."

Nikamwambia wote wamesema hauumi.

"Nani aliwauliza?"

"Mimi na daktari."

"Wanaume wawili," akasema, akacheka peke yake. "Mjukuu, mwanamke wa huku akipiga kelele siku ya kujifungua, wifi zake watamwigiza mpaka mtoto aote ndevu. Amefundwa kunyamaza tangu akiwa binti. Leo amelala mbele yenu, miguu juu, unamuuliza inauma? Atakujibu nini?"

Nikaanza kujitetea kwa vipimo. Akanikatisha. "Panda kitandani."

"Mimi, bibi?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Panda, suruali yako baki nayo, sina haja nayo."

Nilipanda. Akaniweka miguu kwenye vile vyuma vya kuegemezea, kama wanavyolala akina mama, akanifunika shuka. Mlango ukafunguka, Dada Rehema akaingia na ndoo. Akanitazama, akaweka ndoo chini. "Jamani! Fundi naye anatafuta mtoto?" Akatoka akicheka hadi uani, na muda si muda nikasikia watu wengine wakicheka huko.

Vyuma vilikuwa vya baridi, na kimoja kilinikandamiza nyama ya mguu hadi mfupani. Nilitazama dari. Bibi Nyanzobe akainama juu yangu kwa sauti ya upole kabisa. "Unaumia, mjukuu?"

"Hapana, bibi."

"Mbona umeikamata shuka hivyo?"

Nikatazama mkono wangu. Ngumi ilikuwa imefumbata shuka mpaka vifundo vimebadilika rangi. Mwanangu, hakuna aliyenifunda kunyamaza, sina wifi wa kuniigiza, na bado jibu la kwanza lililonitoka lilikuwa la uongo. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi naongeza kwamba huyo maiti hata ukimuuliza, ataona aibu kukujibu.

Nilipoteremka, Bibi hakunisema zaidi. Alinipa kanuni moja tu: "Ukiuliza kama inauma, umemwonyesha njia ya kusema hapana. Uliza inauma wapi. Anayeulizwa wapi anajua umeshakubali kwamba inauma."

Nikarudi mezani. Nilichukua ile damu kidogo ya Kabula kama ushahidi, badala ya kuiona kama jambo la kawaida. Mrija wangu ulikuwa umenyooka, kwa sababu papai limenyooka. Kizazi cha mtu huinama, kwa wengine mbele, kwa wengine nyuma, na mkao wake waweza kubadilika. Nikaufanya mwisho wa mrija uwe laini zaidi na uwe na mpindo mdogo. Kwenye mshikio nikaweka alama inayomwonyesha daktari mpindo umeelekea wapi, ingawa haoni ncha. Nikauvisha pia kipete kinachosogezwa na kukazwa kwenye sentimita aliyoipima, ili mrija usiweze kupita hapo hata mkono ukighafilika. Ulikaguliwa upya, ukaruhusiwa upya. Hilo lilikula muda, na Maganga alipiga simu mara kadhaa kuuliza kulikoni.

Siku ya Kabula ilipofika, mimi nilikaa nje ya pazia, kama ilivyo adabu. Bibi Nyanzobe alisimama upande wa kichwa chake. Daktari alikuwa amekubali kufuata kanuni ya Bibi, ingawa aliniambia anahofia itawatia akina mama woga.

Nikasikia Bibi akiuliza, "Inauma wapi sasa, mwanangu?"

Kisha tena, taratibu, "Wapi?"

"Huku nyuma," Kabula akasema, kwa sauti ndogo. "Kama mnagonga mgongo. Na mara zile zote ilikuwa hapo hapo."

Daktari akasimamisha mkono. Alikuwa akifuata mkao ulioonekana kwenye picha ya mwanzo, kizazi kikiwa kimeinama mbele; maumivu ya mgongoni yakamwambia kwamba sasa kimeinama nyuma. Akaurudisha mrija kidogo, akaugeuza ile alama ya mshikio iangalie chini, upande wa mgongo, akaingiza tena.

"Na sasa?"

"Sasa nasikia kitu kinapita tu."

Halafu Kabula akasema, safari hii kwa sauti kamili, "Kumbe mnasikiaga!" Na Bibi Nyanzobe akacheka hadi akashika kitanda.

Mrija ulitoka safi. Mwezi ule hedhi haikuja, na mtoto alizaliwa salama, wa kike. Wazee wa Maganga hawakukaa kikao. Lakini sitakudanganya, mwanangu: wapo wengi tuliowapitishia mrija ule ule, ukatoka safi vile vile, na mtoto hakuja. Mrija hauumbi mtu. Wajibu wake ni kufika pasipo kudhuru, na huo ndio wajibu wako pia.

Kwa hiyo nakuusia. Kifaa chochote kitakachoingia mwilini mwa mtu, usikipime kwa kitu kisichohisi ukadhani umemaliza. Kabla hujamlaza mwenzako, lala wewe. Damu kidogo usiizoee. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wewe utafute huo mshindo mikononi na vidoleni mwa mgonjwa kabla hujafurahia jibu lake. Watakuambia mvumilivu hula mbivu, na ni kweli, lakini uvumilivu wa mgonjwa usiuhesabu kuwa ubora wa kazi yako. Uliza inauma wapi, kisha nyamaza mpaka ujibiwe.

Mungu akujalie mkono mwepesi na subira ya kubomoa ulichokwisha kukisifu. Na kila mama atakayelala mbele ya kazi ya mikono yako, apate mtoto au asipate, ainuke akiwa mzima.