Madebe Mawili ya Shingo Iliyopinda

Mambo yote yaligharimu madebe mawili ya mtama, mvua ya msimu mzima na majembe sita yaliyokwisha makali. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza niliyaacha majembe, kwa aibu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili. Nilikuwa nimeoa karibuni, nikiuza chumvi na majembe kwa miguu kutoka Iguguno hadi vijijini, na nilijiona hakuna aniwezaye kwa kupatana bei. Siku moja akaja bwana shamba, Mwafrika mwenzetu aliyetumwa na serikali, kaptula imepigwa pasi hadi ungeweza kukatia nyama. Alileta mbegu mpya: mtama mweupe, mfupi, unaosimama wima kama askari wa zamu. Akataka madebe matatu ya mbegu yetu ya zamani kwa debe moja la yake.

"Debe kwa debe," nikasema.

"Matatu. Hii ni mbegu ya kitaalamu."

"Basi mtaalamu aipande kwake."

Tukapatana mawili. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Mbegu ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama: mtama mwekundu, mchungu kidogo, shingo imepinda kama bata anayejikuna. Aliupata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Aliuhifadhi katika vilindo viwili vya magome, juu ya moshi wa jiko, na haukuwepo mwingine. Siku hiyo mama alikuwa Nduguti kwa dada yake aliyefiwa. Aliporudi nilimwamkia, akaitikia, akainua macho kwenye vilindo.

"Mbegu iko wapi?"

"Nimebadilishana, mama. Alitaka matatu, nikamshusha mpaka mawili."

"Uliuliza imezaliwa kwenye udongo gani?"

"Ni ya serikali, mama."

"Serikali haina tumbo la kuzaa. Tulipokwenda kukuposea mke tuliuliza ukoo wake siku tatu. Huu mtama umeuuliza nini? Kimo?"

Shamba letu lilikuwa bondeni, udongo mweupe wa chokaa, ukikauka unapaka miguu kama unga. Mtama mpya uliota vizuri, nikaanza kutembea kifua mbele. Wiki ya tatu majani machanga yakageuka manjano, mishipa tu imebaki kijani, kama kitambaa cha mistari. Baadaye hata mistari ikafutika. Jirani yangu, aliyeoa dada wa mke wangu, alisimama mpakani akaniita kwa sauti ya kusikiwa na kijiji kizima.

"Shemeji! Umepanda mtama au umeanika kanzu?"

Mzungu wa kilimo akaja. Akachuma jani, akaliinua juani, akasema maneno mengi. Bwana shamba akayatafsiri machache.

"Bwana anasema mimea yenu imekosa chuma."

Watu wakatazamana. Jirani akakohoa.

"Itakosaje chuma, nasi jembe tunalipitisha kila asubuhi?"

Mtu mwenye akili hapo angegeuka amuulize Mzungu. Bwana shamba alikuwa na kaptula tu. Mzungu alipoondoka akatuamuru: "Kila mwenye chuma kibovu akifukie shambani." Nami, muuza majembe, ili nionekane, nikatoa sita. Tukayafukia. Yakaota kutu vizuri sana. Katika shamba lile ni hiyo kutu peke yake iliyostawi.

Lakini kati ya ule weupe kulikuwa na mashina yaliyoota yenyewe, kutokana na punje za mama zilizodondoka mavuno yaliyopita. Yalikuwa kijani kama kisamvu. Nikahesabu: manne. Nikarudia: manne. Mama akayazungushia miiba kwa mikono yake, akasema kwamba hayo yakizaa yatatosha kuanzia upya. Tangu siku nilipoviacha vilindo vitupu, hapo ndipo aliponitazama usoni.

Wiki iliyofuata bwana shamba alisikia Mzungu anarudi kukagua. Akaja mapema, akaitoa miiba, akayang'oa yote manne.

"Yanachafua mstari," akasema, akajifuta vidole kwa leso.

Aling'oa mazima manne ili wagonjwa elfu wapendeze. Nimeibiwa kwa mizani, kwa kibaba na kwa tabasamu, lakini ujinga wa bure namna ile, bila faida hata kwa mwenyewe, sijauona tena. Mama aliokota miiba akaenda kuichoma.

Baadaye nilikuja kuelewa. Chuma kilikuwepo. Chokaa ilikikalia kama mwenye duka mkaidi aliyekalia bidhaa. Mtama wa mama ulijua kupatana naye mpaka akauza; ulizaliwa na ujuzi huo, ukaurithisha watoto wake. Ule mweupe haukuzaliwa nao, na mtama haufundishwi kwa kufukiwa majembe. Mimi nililelewa na uji wa mtama huohuo, na ujuzi wake sikuupata.

Kila mwaka kabla ya mvua mama aliniuliza, "Umeipata?" Mara tatu nilinunua sokoni mtama mwekundu wenye shingo iliyopinda, mara tatu ukageuka manjano palepale bondeni. Shingo si ukoo. Mwaka aliofariki aliuliza vilevile, nami nilijibu vilevile.

Bwana shamba yule alihamishiwa upande wa Manyoni. Madebe yetu mawili aliyapakia kwenye lori, juu ya kitanda chake. Niliona kwa macho. Kama wewe ni mjukuu wake, na kwenu upo mtama wa namna hiyo, usinitumie habari za shingo. Upande kwenye chokaa, ungoje majuma manne. Ukibaki kijani, huo ni wetu. Sidai madebe mawili, wala majembe. Nirudishie kibaba kimoja. Kijae, nitakipima mara mbili.